Maji Yamekwenda Wapi? Utangulizi wa Elimu ya Kutafuta Uvujaji katika Injini Kongwe

Maji hayadondoki pale yanapovujia. Yakitoka kwenye mshono wa hedi na bloku, huteremka ubavuni mwa injini, hujificha nyuma ya mkono wa dinamo, hupeperushwa na feni, kisha hudondoka chini ya gia boksi, mahali ambapo hapajawahi kupita bomba la maji. Mwenye gari huona dimbwi. Fundi mwenye haraka huona bolti iliyo juu ya dimbwi, naye huikaza. Kati ya tone na chanzo chake kuna safari, na elimu ninayokukaribisha humu ni ya kuifuata safari hiyo kinyumenyume.

Ni elimu isiyo na kitivo chake. Mhandisi husoma joto na mikondo ya maji, mkemia husoma kutu, fundi hujifunza kwa kukaa na fundi mwenzake. Lakini swali la maji yamekwenda wapi likiulizwa juu ya injini ya miaka hamsini iliyofanyiwa ovaholi juzijuzi, hakuna hata mmoja wao anayeweza kulimaliza peke yake. Injini mpya ikivuja, kitabu cha mtengenezaji kinatosha. Injini iliyofufuliwa ina watengenezaji wengi: kiwanda kilichoisubu, fundi aliyeifungua mara ya kwanza, mchonga vyuma aliyeipitisha hedi kwenye mashine, duka lililouza gasketi, na yule aliyeifunga mara ya mwisho. Uvujaji umo katika kazi ya mmoja wao, na mara nyingi umo pale kazi za wawili zinapokutana.

Mfano wangu humu ni injini ya Peugeot 504, na nimeiweka Guangzhou, China, mbele ya msomaji kwa sababu ambayo wengi wetu hatukuwahi kuijua. Mwaka 1985 Peugeot ya Ufaransa iliingia ubia na Wachina katika mji huo wa kusini, ukingoni mwa mto Zhujiang, na kiwanda chao kikatoa pikapu ya Peugeot 504 pamoja na 505, ikiwemo ile ndefu ya kubeba familia. Biashara haikuwanyookea. Mwaka 1997 Wafaransa waliondoka, na mwaka uliofuata Honda ikashika mahali pao. Huku kwetu, 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwaka 2004. Kwa hiyo kuna miaka ambayo magari ya ukoo mmoja, yaliyochorwa Ufaransa, yalikuwa yakifungwa bolti Guangzhou na Kenya kwa wakati mmoja. Injini ya petroli ya ukoo wa XN, yenye sentimita za ujazo 1971, ilikuwa na maradhi yaleyale kwenye joto la Guangzhou na kwenye mpando wa Mai Mahiu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa Pijo ni nini. Babu yake, 404, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam. 504 yenyewe ilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Lakini heshima yake kwa watu haikutokana na mbio. Ilitokana na ile stesheni wagoni ya safu tatu za viti iliyokuwa teksi ya masafa marefu, na ile pikapu iliyobeba kabichi, sementi na jeneza kwa zamu. Magari hayo sasa ni ya kale. Wenye kuyapenda wanayatoa uani chini ya miembe, wanayafanyia ovaholi, kisha wanakutana na dimbwi.

Sababu ya pili ya kuitaja Guangzhou ni vipuri. Mtaa wa Yongfu, wilayani Yuexiu, una majengo yaliyojaa maduka ya vifaa vya magari, na upande wa Xiaobei ndiko Waafrika na Waarabu wengi wamekuwa wakifikia, kula na kupanga mizigo. Gordon Mathews na wenzake waliandika kitabu kizima juu ya biashara hiyo, kilichotoka mwaka 2017. Ukitaka kuona elimu yetu ikifanya kazi bila kujitangaza, mtazame mfanyabiashara mzoefu wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kisekka, Kampala, akinunua gasketi ya hedi huko. Haangalii boksi. Anatoa mfukoni gasketi kuukuu aliyotoka nayo nyumbani, anailaza juu ya mpya, anazinyanyua zote mbili kuelekea taa, na kuanza kukagua tundu baada ya tundu. Matundu ya silinda na ya bolti huwa sawa karibu kila mara. Anachotafuta ni vile vitundu vidogo vya maji, ambavyo havikuwekwa kwa bahati: ukubwa wake ndio unaogawa maji, kiasi gani kipande mbele na kiasi gani kifike nyuma ya injini. Kiwanda kilichonakili umbo bila kuelewa sababu hutoboa vyote kwa ukubwa mmoja. Gasketi ya namna hiyo haivuji siku ya kwanza. Inaacha silinda za nyuma zipate joto kupita zile za mbele, hedi inapinda taratibu, na uvujaji unakuja baadaye ukiwa umevaa sura ya kosa la mtu mwingine.

Sisemi kwamba vipuri vya China ni vibaya. Ukweli ni kwamba soko moja la Guangzhou huuza madaraja kadhaa ya kitu kilekile, na anayechagua daraja ni mnunuzi wetu. Neno langu ni jingine. Urahisi wa vipuri umebadilisha namna tunavyofikiri. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni nchini Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, fundi hakuwa na cha kubahatisha nacho. Gasketi ikipatikana ni moja, na ikiharibika gari linalala. Alilazimika kujua kabla ya kufungua. Leo pampu ya maji inabadilishwa, gari linachemsha; inabadilishwa themostati, linachemsha; rejeta, mipira yote, gasketi ya hedi, na mwishowe mwenye gari anaambiwa bloku imepasuka, atafute injini nyingine. Kila hatua ilikuwa ya bei nafuu. Jumla yake ni ghali kuliko kipimo kimoja kilichorukwa mwanzoni. Kwenye gari la kila siku desturi hiyo inavumilika, maana bahati nayo ni njia. Injini kongwe haivumilii, kwa sababu kila unapoifungua unaharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena, au kinatengenezwa vibaya.

Basi tuanze na presha, ambayo ndiyo mlango wa elimu hii. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 ukiwa Dar es Salaam au Guangzhou, miji ya usawa wa bahari. Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Injini hupenda kufanya kazi karibu sana na mpaka huo, na ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi: hufungia presha ndani ili maji yasichemke mapema. Mfuniko unaoshikilia ba moja husogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120 pwani. Mfuniko uliochoka unaweza basi kufanya injini nzima kabisa ichemshe na kutapika maji, bila kuwa na tundu popote. Kinyume chake pia kipo, na kwenye injini iliyofufuliwa ndicho kinachodanganya zaidi: mtu ameondoa mfuniko wa zamani wa presha ndogo, akaweka wa kisasa wa presha kubwa kwa kuwa umeingia bila taabu, na viungo vilivyovumilia miaka arobaini vimeanza kutoa jasho. Soma namba iliyopigwa mhuri juu ya mfuniko, kisha soma kitabu cha gari. Ni kazi ya dakika moja, na wengi hawaifanyi.

Maji kupungua nako hakuthibitishi kwamba kuna uvujaji. Maji yakitoka kwenye ubaridi wa asubuhi hadi joto la kazi huvimba kwa asilimia nne hivi, na rejeta iliyojazwa hadi mdomoni itamwaga ziada hiyo njiani. Halafu kuna hewa. Injini iliyokuwa wazi mezani imejaa hewa kwenye kila kona, na maji yakimiminwa haraka hewa hiyo inabaki kwenye hedi na kwenye hita. Safari ya kwanza inaitoa, kiwango cha maji kinashuka, na fundi anaanza kutafuta tundu lisilokuwepo. Jaza polepole, legeza mpira wa juu wa hita mpaka maji yatoke bila mapovu, washa, poza, ongeza tena. Kiwango kikiendelea kushuka baada ya hapo, sasa tuna kesi.

Kesi hiyo ina maswali mawili makubwa: maji yanakwenda wapi, na yanakwenda lini. Wapi kuna njia tatu tu. Yanatoka nje, au yanaingia kwenye silinda na kutokea ekzosi, au yanaingia kwenye oili. Lini kuna mengi zaidi, na ndiko mwanafunzi mwangalifu anakompita mwenye miaka mingi ya kazi. Uvujaji unaotokea asubuhi injini ikiwa baridi na kukoma ikipata joto huelekeza kwenye mipira na klipu, kwa sababu vyuma na mipira vikisinyaa vinaachiana. Unaotokea baada ya kuzima, gari likiwa limesimama, huelekeza kwenye kiungo dhaifu kilichokuwa kinavumilia mpaka joto na presha vilipopanda kwa ghafla, pampu na feni zikiwa zimesimama. Unaotokea kwenye mlima tu, gari likiwa na mzigo, unanifanya nishuku hedi kabla ya kitu kingine.

Uvujaji wa nje sitauzungumzia sana hapa. Una sura yake mbele, na nusu ya sura hiyo ni juu ya kuosha. Injini chafu haisomeki. Ioshe, ikauke, jaza presha kwa ile pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko, kisha kaa ungoje. Tazama kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, ambacho kazi yake ni kukuambia kuwa sili ya ndani imekufa. Nimeona vitundu hivyo vikizibwa kwa gundi, na hilo ni sawa na kumziba shahidi mdomo. Tazama vizibo vya duara ubavuni mwa bloku, ambavyo huoza kutoka ndani. Maji yasiyo na rangi ni shida kuyafuata. Kulanti yenye rangi ya kung'aa chini ya taa ya urujuanimno hukupeleka hadi chanzo chenyewe.

Ugumu na utamu wa somo umo ndani ya injini. Ngoja nikae hapa kidogo.

Injini ya 504 ina slivu za maji. Silinda hazikuchongwa kwenye bloku. Kila moja ni bomba la chuma lililosimama peke yake, maji yakilizunguka moja kwa moja, kama glasi iliyosimamishwa ndani ya beseni. Chini, slivu inakalia ukingo wa bloku juu ya sili nyembamba, na ng'ambo ya sili hiyo ni oili. Juu, slivu inachomoza kidogo kupita uso wa bloku, sehemu chache tu za mia za milimita, ili hedi ikikazwa ibane gasketi kwenye mdomo wa slivu kwanza. Mambo mawili yanategemea mchomozo huo: gesi ya moto isiingie kwenye maji, na maji yasiingie kwenye oili.

Sasa tazama kinachotokea gereji. Hedi imefunguliwa ili kubadilisha gasketi tu. Fundi anataka kukwangua masizi juu ya pistoni, anamwambia kijana wake azungushe krenki ili pistoni za katikati zipande. Pistoni ikipanda, ringi zake zinaikokota slivu. Hedi ya kuishikilia haipo, na hakuna aliyefunga vibanio vya kuizuia. Slivu inanyanyuka kiasi ambacho jicho halikioni. Sili ya chini, iliyokaa miaka bila kuguswa, inaachia, na magamba ya kutu yanajipenyeza chini yake. Slivu ikirudi, haikai palepale. Gari linafungwa, linawaka vizuri, na baada ya muda oili inaanza kupanda kwenye kijiti cha kupimia. Mwenye gari anarudi na hasira kwamba gasketi aliyouziwa ni feki. Gasketi haina kosa, na ikibadilishwa kwa utaratibu uleule tatizo litaongezeka.

Namna ya kujua haihitaji maabara. Acha gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza bolti ya kumwagia oili kidogo tu, iache itiririke taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yamelala chini ya sampu na yatatangulia kutoka. Yakitoka, shusha sampu, funga pampu ya presha kwenye rejeta, ingia chini ya gari na tochi. Utaziona slivu zote nne kwa chini, na ile inayolia utaiona ikilia. Sijui kipimo kingine katika ufundi wa magari kinachotoa jibu lililo wazi hivyo. Angalizo moja: utando mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake hautoshi kuhukumu. Gari la kale linalotembea safari fupi fupi hukusanya mvuke hapo bila kosa lolote. Weupe ukifika kwenye kijiti, hapo usiendelee kuliendesha, kwa sababu beringi hazina muda mrefu.

Wakati wa kufunga, mchomozo hupimwa kwa saa ya kupimia, kila slivu, sehemu zaidi ya moja. Bloku ikipitishwa mashine bila kuzifikiria slivu, mchomozo unaongezeka. Kikalio cha slivu kikiliwa na kutu, unapungua. Seti mpya ya slivu yenye mabega yasiyolingana huufanya uyumbe toka silinda hadi silinda, na hedi iliyonyooka kabisa inakalia sakafu isiyo sawa. Hapa tena ndipo yule mnunuzi wa Yongfu anapohitajika: maikromita mfukoni ni bora kuliko lebo yoyote.

Hedi ina tabia yake. Ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma cha kusubu, na aluminiamu huvimba kwa joto karibu maradufu ya chuma hicho. Chukua hedi ya urefu wa milimita 450 ikipanda nyuzi joto 80: yenyewe inarefuka kwa zaidi ya milimita 0.8, bloku chini yake milimita 0.4. Tofauti hiyo inateleza juu ya gasketi kila gari linapowaka na kuzimwa, miaka na miaka. Ndiyo maana uso wa hedi wenye michirizi mikali ya mashine huisaga gasketi, na ndiyo maana gasketi za aina ya zamani zilitakiwa kukazwa tena baada ya injini kupata joto na kupoa, kisha tena baada ya mwendo fulani barabarani. Wengi hulipia ovaholi, hawarudi kukaza.

Bolti zenyewe husema uongo. Tundu la bolti lisilotokea upande wa pili likibaki na maji au tope, bolti hugota kabla ya kubana hedi. Spana ya torki inalia, fundi anaridhika, na gasketi haijabanwa. Mbaya zaidi, maji yaliyonaswa chini ya bolti hayabanwi, na bloku inaweza kupasuka hapohapo mezani. Pitisha tepu kwenye nyuzi, puliza kwa kompresa, kausha, halafu kaza kutoka katikati kwenda nje kwa awamu. Na silikoni, rafiki wa kila gereji: inayoonekana nje ikiwa imefura ina pacha wake ndani, naye hukatika vipande na kwenda kuziba mirija ya rejeta.

Gasketi ikiachia upande wa silinda, gesi huingia kwenye maji kwa nguvu, maana presha ya mlipuko inazidi ba 30 wakati mfumo wa maji unashikilia moja. Mipira inakakamaa dakika chache baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Kuna kipimo cha kemikali: kimiminika cha buluu kinachovutiwa hewa ya juu ya rejeta, nacho hugeuka njano kikikutana na kaboni dayoksaidi. Shusha kwanza kiwango cha maji; kimiminika hicho kikinyonya kulanti yenyewe kimeharibika. Gereji isiyo nacho ina kompresa ya matairi. Fungua plagi, leta pistoni juu huku valvu zote zikiwa zimefunga, weka gari gia ili krenki isizunguke, ingiza hewa kupitia tundu la plagi, na tazama rejeta. Mapovu yakitokea, umeipata silinda. Kisha angalia plagi zote: iliyokuwa ikipata maji huwa safi kupita nyingine, imeoshwa na mvuke.

Kwa 504 lazima niongeze feni, kwa sababu imewapoteza wengi. Peugeot waliipa feni inayoshikwa na sumaku ya umeme, ikiamrishwa na swichi ya joto, ili isizunguke pasipo haja. Swichi ikifa au waya ukikatika, gari linakwenda vizuri barabara kuu na kuchemsha kwenye foleni. Kuchemsha huko huleta kutapika maji, kutapika huitwa uvujaji, na hedi inafunguliwa kwa ajili ya waya. Utaratibu wa kitabu hiki ni kwamba kila kinachoweza kupimwa bila kufunguliwa hupimwa kwanza.

Juu ya dawa za barabarani, yai bichi, bizari, na unga wa dukani unaoziba matundu, msimamo wangu ni mfupi. Zikufikishe nyumbani, halafu mfumo uoshwe. Anayeziacha ndani amebadilisha uvujaji mdogo unaoonekana kwa kuziba kusikoonekana. Na maji ya bomba peke yake, kwa hoja kwamba Dar es Salaam haina baridi ya kugandisha, ni uchumi mbaya: kulanti imo kwa ajili ya kutu kuliko barafu, hasa pale aluminiamu na chuma vinapooga maji mamoja. Iweke mbali na watoto na mbwa, maana glaikoli iliyomo ina utamu na ni sumu.

Utakaposoma zaidi, utakuta waliotutangulia hawakuwa mafundi tu. Douglas Harper aliandika mwaka 1987 juu ya maarifa ya fundi mmoja wa kijijini Marekani; Julian Orr, mwaka 1996, alionyesha jinsi mafundi wa mashine za fotokopi wanavyotambua hitilafu kwa kusimuliana visa. Kwetu, Kenneth King aliwafuatilia mafundi wa jua kali wa Kenya kwa miongo, na Joshua Grace alitoa mwaka 2021 historia ya magari na mafundi wa Tanzania inayowapa nafasi yao kama wajuzi. Wote hao wanakubaliana juu ya jambo ambalo kitabu hiki kimelichukua kama msingi: fundi anayeuliza lini, wapi na nani aliifungua mara ya mwisho anafanya utafiti, na majibu yake yanastahili kuandikwa. Kwa hiyo kila sura inafuatwa na kurasa tupu zenye mistari. Andika humo tarehe, kilomita, joto, kiasi cha maji kilichoongezwa, na jina la aliyefunga hedi. Hakuna aliyewaandikia mafundi wa Guangzhou na wa Kenya daftari la pamoja la injini hii wakati ilipokuwa ikitoka kiwandani, na pengo hilo tunalilipia leo.

Ikiwa gari lako liko gereji sasa hivi na hedi bado haijafunguliwa, mwombe fundi apime presha ya rejeta kwanza, injini ikiwa imepoa. Hedi ikishanyanyuliwa, ushahidi wa karibu nusu ya sura za kitabu hiki umekwisha kupotea.